Jeki, baiasi, tacha... naombeni darasa la bowls

mgeni_wa_nyasi: Wakuu habari, nipo Uingereza huku, mzee jirani yangu kanialika klabuni kwao Jumamosi tucheze ule mchezo wa mipira kwenye nyasi, sasa wakiongea jeki sijui endi mi natabasamu tu. Msaada plz

Baharia77: Jeki ni kale kampira kadogo keupe au ka njano, ndo shabaha yenyewe. Kanarushwa kwanza, lazima kafike angalau mita 23 kutoka kwenye mkeka unaosimamia. Rinki ni njia yenu ya kuchezea. Endi inaisha mkishamaliza wote kurusha mipira yenu kuelekea upande mmoja wa uwanja, hapo mnahesabu: yako mitatu ikiwa karibu na jeki kuliko mpira wowote wa mpinzani, pointi 3 zako, yeye sifuri. Singo (mmoja kwa mmoja) mara nyingi anayefika 21 kwanza ndo mshindi

mama_wawili: Kaka hujamwambia baiasi na ndo itamuumbua 😂 mpira haujakaa duara sawasawa kwahiyo haunyooki, unakata kona, na ukipunguza spidi ndo unakata zaidi. Angalia ubavuni, kiduara kidogo kikae upande unaotaka uelekee. Ukikigeuza unaishia rinki ya jirani

mgeni_wa_nyasi: Duh asante. Na tacha?

Baharia77: Mpira wako ukigusa jeki kabla haujatulia unapakwa chaki, huo ndo tacha, hata ukiingia mtaroni (ule mtaro wa ukingoni mwa uwanja) bado unahesabika. Vaa viatu flati mkuu, visigino hawataki kabisa