Trotsky na wachoraji wa Meksiko: uhuru wa msanii ni imani, au ni adabu ya mgeni?

Msoma Usiku (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Juzi kijiweni Magomeni kahawa ilitupoa mikononi tukibishania Baraza la Sanaa: lina haki gani ya kuukagua wimbo kabla haujatufikia sisi? Mzee mmoja akakata maneno: "Mwanamapinduzi akiishika nchi humfunga msanii mdomo. Akiikosa ndipo hukumbuka uhuru. Mtazameni Trotsky." Nimerudi nyumbani usingizi umegoma.

Kwa asiyemjua, Leon Trotsky ndiye aliyeliunda Jeshi Jekundu la Urusi. Stalin akamzidi kete, na mwaka 1929 akamfukuza nchini. Akatangatanga Uturuki, Ufaransa, Norwei, kote akachokwa. Aliyemtafutia kivuli ni mchoraji: Diego Rivera ndiye aliyemwomba Rais Lázaro Cárdenas ampe hifadhi Meksiko. Meli ilipofika Tampico, tarehe 9 Januari 1937, Rivera alikuwa mgonjwa, akaenda mkewe Frida Kahlo, mchoraji pia, kuwapokea Trotsky na mkewe Natalia. Wakapewa Nyumba ya Buluu kule Coyoacán, nyumba ya akina Frida, wakaishi humo zaidi ya miaka 2 bila kodi.

Mwaka 1938 akaja mshairi wa Ufaransa, André Breton, wakaandika tamko la kudai sanaa huru ya kimapinduzi. Lilitoka na sahihi mbili, ya Breton na ya Rivera. Trotsky aliyeshiriki kuliandika hakutia jina, na Rivera aliyetia jina hakuliandika. Sasa sikieni: Breton mwenyewe alisimulia kwamba rasimu yake iliipa sanaa uhuru wote, isipokuwa wa kuyapinga mapinduzi ya wafanyakazi. Trotsky akaifuta ile "isipokuwa". Mgeni anayejipendekeza angeiacha, maana wenyeji wake wote walikuwa wanamapinduzi na isingemkera yeyote. Mimi nasema ile ilikuwa imani. Nipingeni.

Binti Kariakoo

Kaka, imani ya asiye na kitu haimgharimu kitu. Machi 1921 mabaharia wa Kronstadt, ngome ya wanamaji ya Urusi, walidai uhuru wa kusema na wa magazeti kwa wafanyakazi na wakulima. Wale hawakuwa mabepari, walikuwa watu wake mwenyewe. Kamishna wa Vita alikuwa nani walipopigwa? Alipokuwa kwenye kiti cha enzi alifuta watu. Alipokaa kwenye kiti cha mgeni ndipo akafuta "isipokuwa".

Dereva wa Mbagala

Tuliacheni hilo tamko. Mtu kapewa nyumba, kapewa chakula, halafu anamtongoza mke wa mwenyeji! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wakampa miaka.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, hoja yako nzito na sina haja ya kumtetea mtu kwa Kronstadt. Ila mambo ya sanaa hakuyaanzia Meksiko. Mwaka 1923, akiwa bado Kamishna wa Vita, aliandika kitabu kizima juu ya fasihi na mapinduzi, akasema sanaa si uwanja ambao chama kinaitwa kwenda kutoa amri. Kitabu hichohicho, hata hivyo, kinakubali udhibiti wa kimapinduzi ulio macho. Kwa hiyo ile "isipokuwa" aliyoifuta 1938 ilikuwa ya Breton kwa mwandiko, lakini yeye mwenyewe aliwahi kuishi nayo. Msoma Usiku, hoja yako iko hapo, umeipita bila kuiona.

Na tusijifanye tunasoma habari za mbali. Miaka ya Azimio la Arusha nilifundisha watoto ngonjera za Ujamaa mpaka wengine wakawa wanazighani usingizini. Hakuna aliyenishikia bunduki. Niliamini. Lakini kijana mmoja aliponiletea ngonjera inayomcheka mwenyekiti wa kijiji, nilimwambia aichane, na aliichana mbele yangu. Mji huuhuu wa Dar ulikuwa makao ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, na Marcelino dos Santos, mshairi kati ya waasisi wake, aliishi hapa. Wageni tuliwapokea kwa mikono miwili. Kumbe vijana wetu wa Mlimani, pale Chuo Kikuu, walipotoa jarida lao la Cheche, ambalo kwa siasa lilikuwa kushoto kuliko chama chenyewe, mwaka 1970 likapigwa marufuku.

Msoma Usiku

Shikamoo Mwalimu. Hiyo ya ngonjera imeniuma kuliko ya Kronstadt.

Dereva, ya chumbani yaliisha mwaka uleule wa 1937. Frida akamchorea picha yake mwenyewe, akaitia tarehe ya 7 Novemba, ambayo ni siku ya kuzaliwa kwa Trotsky na pia ya mapinduzi yao. Trotsky na Rivera waligombana hadharani kwa siasa, na mwaka 1939 Trotsky akahamia mtaa wa Viena, hatua chache tu kutoka pale.

Fundi Rangi

Mnamsahau mchoraji wa tatu. Alfajiri ya 24 Mei 1940 kundi la watu waliovaa sare za polisi na jeshi liliingia nyumba ya Viena na kumimina risasi chumbani. Mzee na mkewe wakapona kwa kulala chini pembeni ya kitanda, mjukuu akajeruhiwa mguu. Aliyeongoza kundi ni David Alfaro Siqueiros, bingwa wa kuchora ukutani sawa na Rivera, ila yeye wa upande wa Stalin. Agosti Ramón Mercader, wakala wa Stalin, akaja kuimaliza kazi, akamuua Trotsky. Mnazungumza kama vile msanii siku zote ndiye kondoo. Huyu alikuwa na brashi na bunduki, na ukuta wake bado upo Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko, watu wanaupiga picha.

Halafu mabaraza si ya serikali tu. Rivera alichora sura ya Lenin kwenye jengo la matajiri akina Rockefeller, New York, na mwaka 1934 ukuta ukavunjwa. Mimi nachora kuta za maduka. Mwenye duka mmoja aliniamuru nimfute mama lishe niliyemchora kwa kuwa anafanana na mtu anayemdai. Nusu ya malipo sijaiona hadi leo.

Binti Kariakoo

Pole kaka. Lakini Rockefeller hana polisi wa Morogoro. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa wimbo wa kuikosoa serikali, kesho yake waziri akatangaza Rais ameagiza aachiwe na wimbo upigwe. Watu wakashangilia. Mimi niliogopa zaidi. Uhuru gani huo, wa kutegemea mwenyeji kaamkaje?

Msoma Usiku

Dada, la Kronstadt sina jibu na sitajifanya ninalo. Ninachoshika ni alichonipa Mwalimu: mwaka 1923 alitaka mlango uwe na bawabu, 1938 akamwondoa bawabu. Adabu ya mgeni haimbadilishi mtu kiasi hicho. Kesho jioni namfuata mzee wa kijiweni na hilo.

Fundi Rangi

Nenda na hela. Juzi uliondoka na hasira, kahawa yako nikalipa mimi.