Kuingia orodha ya tuzo: niandike kwenye wasifu au ninyamaze?

Mswada Droo
Wakuu, heshima zenu. Kuna mchapishaji anapokea miswada ya riwaya, mwisho Ijumaa saa sita usiku. Anataka sura tatu za mwanzo, muhtasari na wasifu wa mwandishi usiozidi maneno 80. Tuzo sijashinda, ila niliwahi kuingia orodha. Niiandike kwenye wasifu, niidokeze kwenye barua tu, au ninyamaze?

Kalamu ya Ngamiani
Orodha ya tuzo gani? Mwaka gani? Ni mswada huu huu au mwingine? Umetupa fumbo halafu unataka jibu.

Mama Wawili
Andika! Aibu ya nini? Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, iliingia orodha fupi ya tuzo ya Booker ya Uingereza 1994, haikushinda, na jambo hilo halikufichwa hata siku moja. Nobel ya Fasihi imekuja 2021. Angesubiri ushindi ndipo ajitambulishe?

Bw. Nukta
Booker ni Booker, Mama. Mimi nimehariri miaka kadhaa, na wasifu uliojaa "alipendekezwa" nauruka. Alipendekezwa na nani, shangazi yake? Kwenye orodha fupi, ya wachache waliobaki kabla ya mshindi kutajwa, nasimama, maana hapo kuna majaji waliosoma. Jina la tuzo, mwaka, basi.

Mjukuu wa Malenga
Ngoja niwasimulie yaliyonikuta. Niliingia orodha fupi ya ushairi, tulikuwa sita. Kwenye wasifu nikaandika "mteule wa tuzo", nikaona neno limekaa. Miezi michache baadaye nikaalikwa kughani kwenye hafla. MC akaitazama karatasi yangu, nadhani akaona "mteule" haina kishindo, akanguruma: "Mshindi wa tuzo!" Ukumbi makofi.

Mshindi mwenyewe alikuwa safu ya pili, kilemba cha manjano, chupa ya soda mdomoni. Akaishusha polepole, akaiweka sakafuni, akaanza kupiga makofi na wenzake huku ananitazama. Shairi lina beti saba. Nilighani tatu nikashuka. Baadaye nikamfuata kumwomba radhi. Akacheka: "Usijali kaka, hela ninazo mimi."

Nimelifuta neno lile kila mahali.

Sheng Si Dhambi
Pole bro 😂 Lakini hiyo ni makosa ya MC, si ya wasifu.

Bw. Nukta
Hapana, ni ya neno. Rais mteule ni yupi? Ni yule aliyekwisha kushinda, anasubiri kuapishwa tu. MC kasoma Kiswahili sawasawa. Sema "aliingia orodha fupi".

Sheng Si Dhambi
"Orodha fupi" huku Nairobi inanukia usaili wa kazi ya serikali. Mbona tusiseme "alifika fainali"?

Bw. Nukta
Kwani riwaya ni mpira?

Sheng Si Dhambi
Mpira una heshima zaidi, mshindi wa pili anavishwa medali. Ingawa tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Afrika, wamekuwa wakiwapa wa orodha fupi pauni 500 kila mmoja. Mimi ningeiandika hadi kwenye mlango wa nyumba.

Kalamu ya Ngamiani
Mwenye uzi bado hajajibu. Kama ni tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell au Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Tanzania, iweke mstari wa kwanza, mchapishaji yeyote wa Kiswahili anazijua. Kama ni nyingine, itabidi uieleze, na maneno 80 hayatoshi kueleza.

Mswada Droo
Samahani wakuu, umeme ulikatika. Ni tuzo ndogo ya mkoani, ilifanyika mara moja ikafa. Na orodha yenyewe ilikuwa ndefu, ile ya mchujo wa kwanza, tulikuwa 40.

Kalamu ya Ngamiani
Kati ya wangapi waliotuma?

Mswada Droo
Kama hamsini hivi.

Bw. Nukta
Ndugu yangu.

Mama Wawili
Kumi waliachwa, yeye hakuachwa. Weka!

Mjukuu wa Malenga
Kwenye barua, mstari mmoja, tena uandike "orodha ndefu". Nafasi ya wasifu iachie kazi unayofanya. Kwani unafanya kazi gani?

Mswada Droo
Nahodha wa boti ya abiria. Riwaya inahusu ajali ya boti.

Bw. Nukta
Na hilo ulikuwa unalificha?!

Sheng Si Dhambi
Wakuu, hiyo Tuzo ya Nyerere Mkenya anaruhusiwa?

Kalamu ya Ngamiani
Fungua uzi wako.