Ndege moja ya misaada baada ya tetemeko: mahema au maturubai?

Kigingi: Wakuu, shirika la misaada lina ndege moja ya mzigo, tetemeko limeshaangusha nyumba na familia zinalala nje. Lipakie mahema ya familia au maturubai na zana? Mimi nasema maturubai. Hema moja linakula nafasi ya maturubai kadhaa. Mpe mtu maturubai mawili ya mita 4 kwa 6, kamba, msumeno, nyundo, koleo, panga, waya wa kufungia na misumari: atachomoa mbao kwenye vifusi, asimamishe fremu, na bati likipatikana ataliezeka juu ya fremu hiyohiyo. Hema likichanika ndiyo basi. Tena turubai halihitaji mafunzo, hata mtoto analifunga.

Stoo Kuu: "Hata mtoto analifunga." Mkuu, sentensi hiyo ndiyo inayovujisha mapaa. Mtu anapigilia msumari kwenye turubai tupu, moja kwa moja kwenye boriti. Upepo unalipigapiga usiku kucha, tundu linakuwa mpasuko, asubuhi turubai limegeuka bendera. Ukingo unakunjwa mara mbili tatu kwenye papi, yaani ubao mwembamba, halafu papi ndiyo inayopigiliwa. Nguvu inagawanyika urefu wote. Kugawa vifurushi bila mtu wa kuonyesha hilo ni kugawa plastiki.

Fundi_Mpole: Papi zitoke wapi kama vifusi ni zege tupu? Weka kizibo cha soda chini ya kichwa cha msumari, kazi kwisha.

Stoo Kuu: Kizibo kina meno. Meno yanatazama wapi?

Fundi_Mpole: Geuza kizibo basi, au weka kipande cha mpira wa tairi katikati. Hoja ni kichwa kipana, usinitoe kwenye reli.

Dada Kamba: Mnabishania vizibo na ukingoni kuna pete za kupitishia kamba! Ila pete nazo hung'oka mzigo wote ukibebwa na moja. Chukua kijiwe laini cha sentimita 3 au 4, kiweke upande wa ndani, kifunike kwa turubai, kisha kaza kamba shingoni mwake. Hakuna tundu lolote. Kijiwe chenye ncha hapana. Mleta mada, hilo nalo mtoto analijua?

Kigingi: Nilimaanisha urahisi jamani. Swali ni ndege, si vizibo.

Kipimo: Ndege sawa, ila umeruka hesabu. Turubai la 4 kwa 6 ukilitandaza juu ya boriti moja ya kati, kila upande una mteremko wa mita 2. Boriti ikiwa mita 1.4 kutoka chini, sakafu ni 2.86 kwa 6, kama mita za mraba 17, na mtu mzima anaishi ameinama. Ukiinua hadi 1.8 ili asimame, sakafu inashuka hadi 10 na nusu. Viwango vya Sphere, vile vya kimataifa vya misaada ya dharura, vinataka mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, yaani 17.5 kwa watu watano. Wanaogawa turubai mojamoja ili orodha ya waliofikiwa irefuke wanajidanganya.

Mkongwe: Afadhali umetaja Sphere. Hema la familia la UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, linasimama bila kusaka papi wala kijiwe. ShelterBox, shirika la misaada ya makazi, ilianzishwa Uingereza mwaka 2000, na maboksi yake ya kwanza yalikwenda Gujarat, India, kwenye tetemeko la 2001, hema likiwa humohumo. Nyie mngekuwa bado mnatafuta soda.

Kipimo: Chumba cha hema hilo la UNHCR ni mita za mraba 16. Ni pungufu ya 17.5, mzee.

Mkongwe: Umeacha kumbi mbili, mbele na nyuma. Jumla 23. Soma karatasi yote kijana.

Kipimo: Kumbi ni za ndoo na sufuria. Nani analaza mtoto hapo?

Stoo Kuu: Na ShelterBox haohao siku hizi wanapeleka maturubai na zana. Nepal, Aprili 2015, hema lingesimama wapi? Matuta ya mashamba milimani ni membamba, kamba za pembeni hazina pa kushika, na mvua kubwa zilikuwa njiani, za Juni. Serikali ilitoa rupia 15,000 kwa kila familia iliyobomokewa ijisitiri kwa muda, bati likawa ndilo la kutafutwa. Bati utaliezua na kulihamishia kwenye nyumba ya kudumu.

Mkongwe: Mmechagua mfano unaowafaa. Uturuki na Syria, 6 Februari 2023, kulikuwa na theluji. Turubai halitunzi joto. Hema la baridi lina bitana ndani, na bomba la moshi linapita kwenye bamba lisiloshika moto. Asiye nalo anaingiza jiko la mkaa, anafunga mlango, na kaboni monoksaidi inaimaliza familia usingizini.

Fundi_Mpole: Uturuki hukohuko ambako Hilali Nyekundu iliwauzia Ahbap mahema, shirika la misaada kwa shirika la misaada? Kumbe mzigo ulikuwepo, ulisubiri mteja.

Mkongwe: Iliyouza ni kampuni yake ya mahema. Kuwa sahihi.

Fundi_Mpole: Kampuni ya nani, mzee?

Mkongwe: Jibu hoja ya mkaa.

Dada Kamba: Naijibu mimi. Mkaa unaua chini ya turubai pia, kuta zikifika chini na kuzibwa kwa udongo. Acha upenyo juu, ncha zote mbili, na jiko libaki nje. Halafu nafasi: kibanda hadi kibanda angalau mita 2, bora mara mbili ya kimo chake, na ukanda mtupu wa mita 30 kila baada ya mita 300 za makazi. Wapanga kambi wakikosa ardhi hubana hapo kwanza, na moto unapata daraja.

Kigingi: Kwa hiyo ndege ipakie nini?

Stoo Kuu: Kama ni baridi, mahema yenye bitana kwa wenye watoto wachanga, wazee na wagonjwa. Wengine maturubai, zana na mablanketi, pamoja na cha kutandika, maana ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili.

Kipimo: Cha kutandika kipi? Mkeka mwembamba juu ya udongo uliolowa hausaidii kitu.

Fundi_Mpole: Milango ya nyumba zilizoanguka. Ilaze juu ya matofali.

Stoo Kuu: Milango ilishakuwa papi, bwana.