Tupeane uzoefu: ulisikia nini mara ya kwanza ulipokutana na rekodi za mwanzo za Grateful Dead jukwaani?

Besi_Nzito (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Jana usiku nimeurudia wimbo "Dark Star" wa Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, ule wa tarehe 27 Februari 1969 waliourekodi ukumbi wa Fillmore West kule San Francisco, na nikaona leo niwaulize wenzangu: ninyi muziki huu uliwaingiaje? Kila mpenzi wa bendi hii niliyewahi kuzungumza naye ana mlango aliopitia, na wengi waliingilia rekodi za miaka ile ya 1968 hadi 1970, kabla bendi haijaanza kujaza viwanja vya mpira.

Nianze mwenyewe. Kwa asiyeufahamu, wimbo huu ulitoka kwanza mwaka 1968 kwenye santuri ndogo na haukufika hata dakika tatu. Jukwaani usiku ule ulikwenda dakika 23 na ushei, na ukala upande mzima wa albamu yao ya "Live/Dead" iliyotoka Novemba 1969. Mtu akitajiwa urefu huo anaona solo la gitaa lililovutwa mpaka likachosha. Sivyo kabisa.

Sauti inapanda taratibu kutoka kimya, kwa sababu kwenye onyesho lenyewe walitokea "Mountains of the Moon" wakaunganisha moja kwa moja. Unasikia mstari wa kuingilia, mfupi, kisha wanauacha. Mashairi ya Robert Hunter hayaanzi mpaka inapokaribia dakika ya sita. Ukiwa umezoea wimbo uanze na mtu aimbe, dakika hizo zinakuweka njia panda: unangoja sauti ya mtu, au unasikiliza kinachopigwa sasa hivi? Mimi niliacha kungoja, na hapo ndipo besi iliponikamata.

Phil Lesh alitokea kwenye tarumbeta. Alisomea utunzi, akawa mwanafunzi wa mtunzi Luciano Berio pale Mills College, na besi aliianza alipojiunga na bendi mwaka 1965. Kwa hiyo hapigi besi ya kukaa chini na kushikilia msingi huku wengine wakitamba. Jerry Garcia, mpiga gitaa la solo, akipanda, Lesh anateremka kumpisha. Garcia akikata sentensi katikati, Lesh anaimalizia kwa namna yake, na Garcia anaikubali au anaigeuza. Bob Weir na gitaa lake la ridhimu hachapi mfululizo, anachomeka vipande vidogo vidogo pale penye nafasi. Kinanda cha Tom Constanten kipo chini kwa chini. Wapiga drams ni wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, na kwa kipande kirefu huwasikii wakipiga mdundo wa kueleweka: ni mikwaruzo midogo na matoazi yanayoguswa tu. Watu wawili wenye drams mbele yao wamekubaliana kutozipiga!

Baada ya ubeti wa kwanza muziki unashuka karibu uishe, zinabaki noti moja moja. Kisha mmoja anapata wazo, wa pili analidaka, na kabla hujajua umefikaje hapo bendi nzima inaunguruma. Nimerudi nyuma kutafuta nani alianza na sijawahi kuwa na uhakika. Hiyo ndiyo raha yangu ya rekodi hizi: unasikia watu wanaosikilizana, na hakuna hata mmoja mwenye ramani.

Haya, karibuni. Naomba tubaki kwenye rekodi za kabla ya 1971 kadiri inavyowezekana. Sema ni onyesho gani, na ni mahali gani hasa palipokushika.

Zamu_ya_Usiku

Mkuu umeanza na mlima wenyewe. Mimi niliingilia albamu hiyohiyo ila mlango wa nyuma, "The Eleven".

Nilikuwa kazini usiku, kaspika kadogo mezani, mwenzangu kalala. Wimbo ulipofika pale pa kuchangamka nikawa nagonga meza kufuata mdundo, na kila mara mkono wangu unaangukia pabaya. Nikaanza kuhesabu kwa sauti: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili. Jumla 11! Jina la wimbo lilikuwa linanipa jibu muda wote. Tangu hapo siwezi kuusikiliza bila vidole kuhesabu, na kinachonishangaza ni jinsi wale jamaa wanavyoukalia mdundo huo bila kuonekana wanahesabu. Mtu asiyejua atacheza tu.

Na hili wengi hawalijui: kwenye albamu "St. Stephen" unaingia "The Eleven" bila pumzi, lakini hizo ni siku mbili na kumbi mbili. "St. Stephen" ni wa Fillmore West, usiku huohuo wa 27 Februari uliousema. "The Eleven" ni wa Avalon Ballroom, tarehe 26 Januari. Mafundi mitambo Bob Matthews na Betty Cantor walibeba mashine ya kurekodi yenye njia 16, kitu kipya kabisa kwa kurekodi jukwaani wakati ule, kila chombo na njia yake, na ndiyo maana waliweza kushona vipande hivyo. Nimeutafuta mshono kwa spika kubwa, kwa spika za masikioni, nikiwa mzima na nikiwa nimechoka. Sikio langu halijaupata.

Sauti_Kwanza

Nyie wote mnazungumzia vyombo. Mimi ni mtu wa sauti ya mwimbaji, na bendi hii nilikuwa naikwepa kwa sababu waimbaji wao si wa kutisha, tuseme ukweli.

Aliyenileta ni mwimbaji wao Pigpen, jina lake halisi Ron McKernan. "Turn On Your Love Light", pia wa Avalon Januari 1969, dakika 15 hivi. Wimbo ni wa Bobby Bland, wa mwaka 1961, na Bland aliuimba kiungwana ukaisha. Pigpen anaugeuza baraza. Anawasemesha watu, anawachokoza, anawaagiza, anajibu mwenyewe, na bendi nyuma yake imetulia kwenye mdundo mmoja ikimngoja aseme neno litakalowaruhusu kulipuka. Sikiliza drams wakati huo: zinaongezeka kidogo kila anapozidi kusisitiza, zinarudi anapopoa. Hao wapigaji wanafuata mdomo wa mtu.

Wanaomweka Pigpen pembeni kwa sababu hakuwa mtu wa "Dark Star" wanakosea, na nitalisema hilo popote. Bila yeye, albamu ile ingekuwa ya vichwani tu. Alifariki Machi 1973 akiwa na miaka 27, na bendi haikupata tena mtu wa kuwasimamisha watu kwa maneno matupu.

Sina_Haraka

Naomba kutofautiana kidogo kabla mada haijawa ya sifa tupu.

"Live/Dead" naipenda, ila ule upande wa nne una "Feedback", zaidi ya dakika saba za magitaa kupiga kelele mbele ya spika. Nimeupa nafasi mara nyingi. Sipati kitu. Nikiwa naendesha gari nauruka. Kwangu kubuni papo hapo kunahitaji kitu cha kushika, hata kama ni noti mbili, na pale hakuna.

Nikiri uzuri wa kinachoutangulia lakini. "Death Don't Have No Mercy" ya Reverend Gary Davis wanaipiga polepole, Garcia anaimba kana kwamba habari hiyo ameipata jioni ileile, na solo lake ni fupi kuliko unavyotamani. Hapo ndipo penye hadithi yangu: nilikuwa nimefiwa, mtu akanitumia wimbo huo bila maelezo yoyote. Niliusikiliza mara moja tu wiki ile. Ulitosha.

Besi_Nzito (mleta mada)

Pole sana ndugu yangu Sina_Haraka.

Kuhusu "Feedback" sikulazimishi, ila jaribu usiutenge. Huo na "Death Don't Have No Mercy" ni vya usiku mmoja, 2 Machi 1969, na baada ya kelele wanafunga kwa "And We Bid You Goodnight", sauti za watu tupu bila chombo, chini ya dakika moja. Wimbo wa msiba, kelele, kisha kuagana kwa sauti za kanisani. Mimi nausikiliza upande ule kama kitu kimoja, na kelele zile nazielewa kwa sababu ya kilicho mbele na nyuma yake.

Kanda_Kuukuu

Wakuu, nyie wa albamu mna bahati. Sisi wengine tulianza na kanda.

Yangu ilikuwa Harpur College, Binghamton, jimbo la New York, 2 Mei 1970. Nakala ya nakala ya nakala. Mvumo wa kanda ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nyimbo za taratibu zilisikika zikitokea mvuani. Aliyenirekodia aliandika majina ya nyimbo kwa penseli, nusu yamefutika. Hakutaka hela, huo ndio ulikuwa utaratibu wa wapenzi wa bendi hii tangu zamani: tuma kanda tupu na gharama ya posta, na wewe ukiombwa umpe mwingine. Bendi yenyewe iliwaachia watu warekodi, na kuanzia 1984 ikawatengea kabisa eneo lao ukumbini.

Onyesho lile lina vipindi viwili tofauti. Kwanza wamekaa na magitaa yasiyo na umeme, "Friend of the Devil", "Black Peter", "Candyman", nyimbo ambazo wakati huo zilikuwa hazijatoka kwenye albamu yoyote. Fikirieni waliokuwepo ukumbini, wanazisikia kwa mara ya kwanza! Baadaye umeme unawashwa na ni moto mpaka mwisho.

Palipokuwa pangu ni "Viola Lee Blues". Ni wimbo wa zamani wa Noah Lewis, ulirekodiwa na Cannon's Jug Stompers mwaka 1928, habari za mtu aliyehukumiwa kifungo. Dead wanaanza kwa mwendo wa kutembea. Katikati mwendo unaongezeka, kidogo, kidogo tena, hakuna anayepunguza, magitaa yanapigwa noti zilezile kwa kasi mpaka huwezi kuzitenganisha, na unapoamini kwamba sasa wamepotea, wote wanatua kwenye mdundo wa mwanzo kwa pigo moja. Kanda yangu ilikuwa na mkwaruzo pale pale pa kutua. Ndiyo, sekunde ileile. Nikawa naijua kwa hisia tu kwamba wametua.

Mwaka 1997 onyesho lilitolewa rasmi, namba 8 katika mfululizo wa "Dick's Picks" uliokuwa ukichaguliwa na mtunza kumbukumbu wao Dick Latvala. Nikasikia kutua kwenyewe, safi. Nilisimama. Sina maneno mengine.

Gitaa_la_Solo

Naomba nichepuke kidogo, mleta mada utanisamehe. Mimi niliingilia kwa majirani zao: The Allman Brothers Band, "At Fillmore East", New York, Machi 1971. Nao drams mbili, nao magitaa mawili, lakini wenzetu hawa wamekaza kila nati. Tom Dowd kwenye usimamizi, hakuna kinachomwagika. "Whipping Post" unakwenda dakika 23 hivi, na, Zamu_ya_Usiku, hesabu mstari wa besi wa kuingilia. Utapata 11.

Duane Allman, mpiga gitaa wao, alifariki kwa ajali ya pikipiki Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 24, kwa hiyo kila mpenzi wa gitaa anarudi pale.

Kilichonivusha kwa Dead ni kugundua kwamba bendi hizi mbili zilipanda jukwaa moja Fillmore East Februari 1970. Nikatafuta "Dark Star" wa tarehe 13 mwezi ule, karibu nusu saa. Kwa masikio yangu ule ni bora kuliko wa 1969. Kuna sehemu kuelekea mwisho ambapo Weir anaingiza mzunguko wa kodi zenye furaha, na wote wanamfuata, na tayari unakuwa wimbo mwingine wa kucheza. Anayejua raha ya sebene kuingia baada ya maimbo marefu atanielewa mara moja.

Mgeni_Mwema

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote. Ambaye hajasikia hata moja aanzie wapi?

Kanda_Kuukuu

Marahaba. Harpur, kipindi cha magitaa makavu. Ukiwapenda wakiwa wametulia utawavumilia wakichafuka.

Sina_Haraka

Wengi watakutajia onyesho la Chuo Kikuu cha Cornell, 8 Mei 1977, na si ushauri mbaya, ni rekodi safi ya Betty Cantor-Jackson (Betty Cantor yuleyule), na hata Maktaba ya Bunge ya Marekani imeiweka kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa. Ila kwa mada hii, 13 Februari 1970. Sikiliza ukiwa huna kazi nyingine mkononi.

Zamu_ya_Usiku

Nimerudi na jambo. Mwaka 2005 walitoa maonyesho yote manne ya Fillmore West 1969 kwa ukamilifu, CD 10. Maana yake sasa "The Eleven" wa 27 Februari upo, ule uliofuata kweli baada ya "St. Stephen" usiku ule. Nimeuweka sambamba na wa Avalon. Wa Fillmore wametulia zaidi, besi imekaa vizuri. Wa Avalon una njaa, Garcia anaingia mapema kama hawezi kungoja zamu yake. Waliouchagua kwa ajili ya albamu walisikia vizuri.

Besi_Nzito (mleta mada)

Hapo tutabishana mpaka asubuhi mkuu. Mimi wa 27 Februari siubadilishi, hasa pale Lesh anapoacha kufuata hesabu na kuipita kwa juu. Usikilize tena kwa besi peke yake, halafu urudi hapa uniambie ni sekunde gani anayorudi kwenye moja.