Seva ya kazini bado ina Apache 2.4.49, naomba ushauri
Wakuu habari zenu. Nimerithi seva kutoka kwa jamaa aliyeacha kazi, na jana ndiyo nimegundua inaendesha Apache 2.4.49 (programu ya kuhudumia tovuti), ile ile yenye tundu la usalama CVE-2021-41773, linalomwezesha mvamizi kusoma faili zilizo nje ya tovuti na hata kuendesha amri. Jamaa aliijenga kwa mkono kutoka kwenye msimbo, kwa hiyo apt, zana ya kusasisha programu, haiigusi kabisa. Mimi kila wiki napiga apt upgrade najiona niko salama!

Kwenye logi nimekuta maombi kibao ya /cgi-bin/.%2e/.%2e/ na kuendelea, yaani majaribio ya kutoka nje ya folda za tovuti. Yaliyotafuta /etc/passwd yamejibiwa 500 (hitilafu), lakini mawili ya POST (ya kutuma data) yanayoishia /bin/sh, programu ya kuendesha amri, yana 200 (yamefanikiwa). Jasho lilinitoka. mod_cgi (moduli inayoruhusu Apache kuendesha programu za seva) imewashwa, na kwenye usanidi mtu alibadilisha "Require all denied" (kataza wote) kuwa "granted" (ruhusu wote).

Najua 2.4.50 haikuziba tundu lote, ikabidi itoke 2.4.51, hivyo nitaruka hadi toleo la sasa. Ila je, kuziba kunatosha, au niifute seva na kuijenga upya? Bosi hataki tovuti izimwe hata saa moja, ni mwisho wa mwezi na wateja wanalipia ankara. Bakapu niliyonayo ni ya wiki mbili, nayo siiamini. Nyie mngeanzia wapi?