Mtwara hadi Songea na Cessna 172, kwenda na kurudi: naombeni mnikosolee mpango wangu

Kijana wa Shangani

Asalaam aleykum, wakuu habari zenu. Niko Mtwara mjini, nina leseni ya rubani binafsi na masaa 112, ndege ni Cessna 172N tunamiliki watu watatu na zamu ya Septemba ni yangu. Mdogo wangu wa kike anaolewa Songea, ndoa inafungwa Jumamosi baada ya adhuhuri na baba ndo walii, yaani msimamizi wa bibi harusi. Sasa barabara ni zaidi ya kilomita 600 na baba mgongo unamsumbua siku hizi, nikawaza Ijumaa asubuhi nimpakie yeye na mke wangu turuke, Jumapili mchana turudi maana Jumatatu niko kazini.

Hesabu zangu ziko hivi. Moja kwa moja ni kama maili 272 za baharini, ndege yangu inakwenda noti (maili za baharini kwa saa) 105 hivi kwahiyo masaa mawili na dakika 35. Tangi linatumika lita 151, injini inakunywa kama lita 32 kwa saa, ina maana nakaa hewani masaa manne na nusu. Kwenda nafika bila wasiwasi, kurudi ndo napungukiwa, kwahiyo nimefikiria kubeba madumu mawili ya lita 20 ya avgasi (petroli ya ndege za injini ya pistoni) nyuma ya siti na mengine nitajua Songea hukohuko. Mnaonaje? Semeni wazi tu, namrusha mzazi wangu.

Pipa la Bluu

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla. Hayo madumu yatoe kwenye mpango leo hii. Petroli ndani ya kabini yenye abiria, mnapanda juu presha inashuka dumu linavimba linaanza kuvuja mvuke, hapo una betri, una redio, una mzee mgonjwa wa mgongo ambaye hawezi kutoka haraka. Hapana kabisa.

Haya tupige hesabu ya kurudi, maana wengi tunapanga kwenda halafu kurudi tunamwachia Mungu. Kwenda utatumia kama lita 83 za angani, ongeza lita 6 za kuwasha, kutembea chini na kupanda, unabaki na 62. Toa nusu saa ya akiba ambayo huruhusiwi kuigusa, lita 16, unabaki na 46. Hizo ni kama saa moja na robo na kitu. Ukiondoka Songea na hizo unavuka Tunduru, na Masasi huioni. Kwahiyo safari yako yote inasimama kwenye jambo moja: avgasi ipo Songea au haipo? Neno "nitajua hukohuko" lifute.

Na ukipiga simu usiulize "mafuta yapo?" Mimi niliuliza hivyo mwaka fulani, uwanja siutaji, nikajibiwa yapo mengi tu karibu. Nimefika ni Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti. Kwa aliyenijibu yalikuwa mafuta ya ndege kweli, sikumlaumu, swali langu ndo lilikuwa bovu. Nililala siku tatu nasubiri pipa lije kwa lori. Na kibaya zaidi kuna watu wamejaziwa Jet A-1 kwenye injini ya pistoni na ikawaka, maana kwenye mabomba bado kuna avgasi ya zamani, inakubali mpaka unaruka ndo inazimika ukiwa futi mia tatu. Kwahiyo uliza hivi: avgasi 100LL, ile ya bluu, lita ngapi, imekaa tangu lini, nani ana ufunguo Jumapili. Na wakati wa kujaza simama mwenyewe pale. Dondosha kwenye karatasi nyeupe, avgasi inakauka na kupotea, Jet A-1 inaacha doa la mafuta na harufu ya mafuta ya taa.

Uzito je? Umetupa mafuta, hujatupa watu.

Kijana wa Shangani

Daah, asante mkuu. Uzito: mwisho wa ndege ni kilo 1,043, tupu kwa karatasi yake ni 660. Mafuta yakijaa ni kama kilo 109. Mimi 84, mke 71, baba 79. Zinabaki kilo 40. Madumu yangekula 29, kwahiyo mizigo ya harusi ingebakiwa na kilo 11, na hapo mama ameshafunga korosho kiroba kizima cha kupeleka kwa wakwe... hili sikuliona kabisa.

Bi Mikindani

Kaka yangu mimi nimerusha pwani hii miaka minane, niongezee ya hewa na ya saa.

Septemba kusi bado linavuma. Kwenda magharibi linakusukuma kidogo, utafurahi, ila kurudi linakuja usoni. Likikutoa noti 10 tu, safari yako inakuwa karibu masaa matatu, kwahiyo hata mafuta ya kurudi usiyapige kwa hesabu ya kwendea. Asubuhi unyevu wa baharini unapanda ukingo wa Newala na mawingu yanalala pale juu kama blanketi, wewe uko Mtwara jua linawaka unaona kila kitu safi kumbe mbele pamefungwa. Na ni msimu wa kuchoma mashamba, moshi unatanda bara yote huko, kutoka juu unaona chini vizuri ila mbele ni ukungu wa kahawia. Soma ripoti za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) za Mtwara na za Songea zote mbili, halafu mpigie mtu aliyeko Masasi atoke nje aangalie mbingu.

Sasa saa. Mwezi huo jua Mtwara linazama kama saa kumi na mbili na robo jioni. Songea iko magharibi zaidi, kule linazama dakika kama 18 baadaye. Mtu uko Songea unaona bado kweupe, wakwe wanakuambia kula kwanza, na kila unavyokwenda mashariki unalikimbilia giza. Jumapili "mchana" ni saa ngapi? Weka saa. Mimi ningesema ikifika saa saba mchana hujaondoka, hulali Mtwara siku hiyo, unalala Songea na kazini unapiga simu. Bosi mwambie mapema, kabla hujaondoka, maana ukishakuwa kule na unaogopa Jumatatu utaruka kwenye hewa ambayo siku nyingine usingeigusa.

Na joto: Songea iko juu zaidi ya futi 3,000. Siku ya nyuzi 30 ndege inajisikia iko karibu futi 6,000. Itakula njia ndefu kuliko uliyoizoea Mtwara na itapanda kivivu. Punguza utajiri wa mikscha (mchanganyiko wa mafuta na hewa) kabla ya kuruka kama kitabu cha ndege kinavyosema, na ruka asubuhi.

Fundi wa Masasi

Mi nina moja tu. Usikate moja kwa moja. Ule mstari wako wa maili 272 unapita juu ya pori tupu, hasa kati ya Tunduru na Songea ile shoroba ya tembo inayounganisha hifadhi za Selous na Niassa, injini ikikohoa pale utatua wapi? Fuata miji ya barabarani, Mtwara Masasi Tunduru Songea, nimepima mji kwa mji inatoka kama maili 281. Dakika tano au sita za ziada, unakuwa karibu na lami sehemu kubwa ya safari, kuna vijiji, kuna simu, na viwanja vidogo vya Masasi na Tunduru viko njiani, Nachingwea iko pembeni kidogo. Ila usivihesabu kwa ramani, piga simu uulize nyasi zimekatwa lini na ng'ombe wanapita wapi. Hiyo barabara inajipinda kusini kwahiyo jua Ruvuma ilipo muda wote, ng'ambo ni Msumbiji na huna kibali cha kuvuka.

Halafu samahani, ila walii asafiri na basi.

Pipa la Bluu

Fundi kasema lililokuwa kooni kwangu. Wewe na mke mkikwama Masasi kwa mawingu harusi itafanyika. Baba akikwama, watu mia wanamsubiri, na wewe rubani utakuwa unajua hilo kila ukitazama wingu. Utapita chini yake.

Kijana wa Shangani

Wakuu nimekaa nalo siku mbili ndo narudi. Nimeongea na baba, nilidhani atanuna, kumbe alikuwa anaona aibu kuniambia anaogopa kandege kadogo 😊 Anaondoka Jumatano na kaka yangu, watalala Tunduru wapumzishe mgongo, Alhamisi wamefika. Kiroba cha korosho kinaenda nao.

Songea nimepiga kama mlivyonifundisha, avgasi ya uhakika sijapata. Kuna mtu wa lori anaweza kupeleka pipa moja la lita 200 wiki ya kabla, uwanjani wanataka barua na wameniambia watalipokea. Pipa Mkuu, nikilikuta pale nifanyeje?

Pipa la Bluu

Liwe limefungwa kwa lakiri, lakiri ikiwa imekatwa usilitumie hata kama umekuja kwa ajili yake. Mwambie aliyelipokea alilaze kivulini ili mvua isituame juu kwenye kifuniko, alisimamishe Jumamosi likae usiku kucha maji na uchafu vitulie chini. Pampu ya mkono yenye chujio, bomba la kunyonya lisifike chini kabisa, acha lita kadhaa za mwisho mle mle. Funga waya kati ya pipa, pampu na ndege kabla hujafungua kifuniko cha tangi, umeme tuli hauonekani. Ukimaliza subiri robo saa, kinga kwenye kikombe kutoka kila tangi, uone bluu na usione matone ya maji chini. Kama kikombe hakikuridhishi, hurudi siku hiyo.

Kijana wa Shangani

Nimeandika yote kwenye karatasi ya mpango. Kwahiyo: mimi na mke tu, tangi limejaa, begi mbili. Pipa lisipopokelewa kufikia Jumatano jioni tunapanda basi la Alhamisi wote, nimeshaweka nafasi mbili. Likipokelewa, Ijumaa saa mbili asubuhi nampigia shemeji yangu Masasi atoke nje aangalie juu, naruka kwa barabara, kaka anasubiri simu yangu Songea na kama saa sita mchana hajanisikia anapiga mnara wa Mtwara. Kurudi Jumapili saa tatu asubuhi, mwisho saa saba. Bosi nimemwambia leo, kakubali Jumanne.

Bi Mikindani, hayo mawingu ya Newala huwa yanafunguka saa ngapi kwa kawaida mwezi huo?

Bi Mikindani

Mara nyingi saa nne yameshapasuka, ila kuna siku yanakaa mpaka adhuhuri. Ukiona shemeji anasita kujibu kwenye simu, kunywa chai kwanza, mpigie tena baada ya saa.