Kanisa kuu la Siena: mbele ni wapi hasa?

mjukuu_wa_fundi
Wakuu salama? Naomba msaada kwa wanaojua majengo ya kale. Naangalia picha za kanisa kuu la Siena, Italia, mpaka kichwa kinaniuma. Picha moja ina milango mitatu na masanamu kibao, nyingine ina milango mitatu pia ila iko bondeni na juu haijamaliziwa, halafu kuna ukuta mrefu ajabu una dirisha kubwa tupu, unaona mawingu upande wa pili, nyuma hakuna hata paa. Zote wameandika kanisa hilohilo. Sasa mbele ni wapi?

nondo16
Ni kanisa moja mkuu. Yenye masanamu ndo mbele yenyewe, kazi ya Giovanni Pisano, alianza 1284. Ya bondeni ni mahali pa ubatizo. Iko hivi, kanisa limekaa juu ya kilima na nyuma ardhi inashuka ghafla, walipotaka kurefusha upande wa altare wakakuta hakuna pa kukanyaga, basi kuanzia 1316 wakajenga ubatizo kule chini na altare ikasogea juu yake. Mwaka 1322 mafundi walioitwa kukagua, akiwemo Lorenzo Maitani, walisema wazi msingi huo hauaminiki, bora mjenge kanisa jipya. Wakapuuza.

Ule ukuta ndo unaniuaga mimi. 1339 jiji likapitisha ujenzi wa ukumbi mpya ubavuni, upande wa kulia ukiingia, yaani kanisa hujengwa kwa umbo la msalaba, sasa kanisa zima lililopo ligeuke mikono tu ya huo msalaba!! Sifa hizo, walikuwa wanashindana na jiji la Florence. Tauni ikaingia 1348 ikamaliza watu, hela ikakata, na nguzo mpya zikaonekana dhaifu, 1357 wakaachana nayo. Ukuta ulikuwa uwe mbele mpya.

mama_wawili
Afadhali hao wana mbele tatu, nendeni Mainz, Ujerumani, mkaitafute hata moja. Kanisa lina altare pande zote mbili, magharibi ya Mtakatifu Martin, mashariki ya Mtakatifu Stefano, sasa mlango mkubwa utauweka wapi? Unaingilia ubavuni kutokea sokoni, kwenye milango ya shaba ya enzi za askofu Willigis, ina miaka kama elfu hivi. Ukishaingia hujui uangalie kulia au kushoto. Makanisa makuu ya Worms na Bamberg, hukohuko Ujerumani, nayo yana altare pande mbili hivyohivyo.

mjukuu_wa_fundi
Duh, asanteni sana. Ila @nondo16 si wangebomoa tu huo ukuta wakauza mawe?

nondo16
Sehemu za hatari walibomoa. Zilizobaki wakaziba matao upande mmoja, leo ndo makumbusho, ile Maestà, mchoro mkubwa wa Bikira Maria wa msanii Duccio, imo humo. Katikati palipokuwa pawe ukumbi ni uwanja wa wazi, watu wanapita zao. Na ukutani kuna ngazi nyembamba unapanda mpaka juu, ila mwenye kizunguzungu asijaribu.